Sweta Hii Haiuzwi

Nikitoa sindano na uzi kwenye matatu ya Thika Road, hatupiti vituo viwili kabla mtu hajauliza bei. "Madam, hiyo sweta unauza pesa ngapi?" Nikijibu kwamba siuzi, namfumia mtoto wa dada yangu, swali la pili huwa tayari: "Na mbona usiuze? Kuna pesa hapo." Wengine hunipa mpango mzima: nipige picha, nifungue ukurasa, nitafute wateja Eastleigh. Wanasema kwa nia njema na huwa nawashukuru. Lakini nataka kulitetea jibu langu waziwazi, kwa sababu naona jambo hili linatuumiza watu wa Nairobi kuliko tunavyokiri. Tumeanza kuona haya kufanya kitu chochote kisicholeta shilingi.

Swali lenyewe nalielewa, maana nimelelewa na sweta za kuuza. Mama alikuwa na mashine ya kufuma huko Limuru, ile ya kusukuma kwa mkono kwenda na kurudi juu ya safu ya sindano. Kuanzia Novemba hadi shule zifunguliwe Januari, sebule yetu ilijaa sweta za wanafunzi: bluu, kijani, maruni, na mistari ya shingoni kulingana na shule. Karo yetu ilitoka pale. Huko Njoro, akina mama wa Kenana Knitters wanasokota sufu ya kondoo kwa mkono, wanaitia rangi zinazotokana na mimea, kisha wanafuma wanyama wa kuchezea ambao huuzwa hadi ng'ambo. Na kabla ya hayo yote, nyanya zetu wa Ukambani na Ukikuyu walisuka viondo wakitembea, mzigo mgongoni, nyuzi mkononi. Kiondo kilibeba mavuno ya nyumbani, na kingine kilipelekwa sokoni. Kwa hiyo sitamwambia mtu yeyote kwamba pesa inachafua kazi ya mikono. Iliniweka darasani.

Ila mama huyohuyo, usiku, akishaifunika mashine kwa leso, alichukua sindano mbili za mkono na kufuma vitu vingine. Soksi za baba. Kofia ya mtoto wa jirani aliyezaliwa kabla ya wakati. Vitambaa vya makochi, vile vya kroshia vyenye maua pembeni, ambavyo kila Mkenya aliyekulia sebule yenye thamosi na redio anavijua. Hakuna aliyekuja kuviuliza bei, na yeye mwenyewe hakuvihesabia saa. Alifuma akisikiliza taarifa ya habari, baba akimsomea gazeti la juzi. Zile ndizo saa ambazo nyumba yetu ilikuwa imetulia kuliko zote.

Baba alipofariki, nyumba ilijaa watu. Maombi kila jioni, mchango, kamati, orodha ya magari ya kwenda mazishini. Nairobi inajua kuomboleza kwa mpangilio, nami naiheshimu desturi hiyo kwa sababu bila kamati ile tusingemzika ipasavyo. Ugumu ulianza watu waliporudi makazini. Mama akahamia kwangu Kahawa West, na hapo ndipo nilipomjua jirani yangu wa mlango wa pili. Alikuja jioni na thamosi ya chai na ungo wa maharagwe. Hakuuliza tunaendeleaje, hakutusomea mstari wowote wa Biblia. Aliketi akachambua maharagwe yake sebuleni kwetu kana kwamba yuko kwake. Kesho yake akaja tena. Ilinishinda kukaa mikono mitupu mbele ya mtu anayefanya kazi, nikaenda kutoa sindano za mama kwenye sanduku.

Tangu hapo nimeamini jambo moja kuhusu faraja: mara nyingi haiji mtu akikutazama usoni. Ukikaa na mfiwa mkatazamana, kila mmoja anatafuta neno la kusema. Lakini macho yakiwa kwenye uzi au kwenye maharagwe, maneno yanatoka yenyewe. Ni katika jioni hizo mama alitueleza jinsi baba alivyomchumbia, habari ambayo sisi watoto wake hatukuwa tumeisikia maisha yetu yote. Alieleza bila kuinua kichwa. Jirani alicheka hadi akamwaga maharagwe.

Mama ana kisukari, na kimezidhuru neva za vidole vyake. Hahisi ncha ya sindano, kwa hiyo kufuma mwenyewe hawezi tena. Siku za kliniki tunatoka alfajiri, tunachukua namba, tunangoja kwenye benchi hadi jua likolee. Yeye hushika donge la uzi mapajani na kuniachia kidogo kidogo, mimi nafuma. Ananifunza kwa maneno tu. "Umekaza mno, mwanangu. Legeza mkono." Anajua kwa namna uzi unavyomvuta kwenye kiganja. Wanawake wengine kwenye foleni husogea kuangalia, na baada ya muda utasikia mmoja akieleza jinsi alivyofuma sweta ya kifungua mimba wake, mwingine akieleza dawa anazotumia, mwingine akilalamikia miguu. Foleni ni ileile, daktari hajaja, lakini benchi limegeuka kuwa sebule.

Kuna watu waliolichunguza jambo hili kitaalamu. Mwaka 2013, jarida la Uingereza linaloitwa British Journal of Occupational Therapy lilichapisha utafiti uliowauliza wafumaji 3,545 kutoka nchi 31 kuhusu hali yao. Waliofuma mara kwa mara zaidi ndio waliosema kwamba wanajisikia watulivu na wenye furaha, na wale waliofuma pamoja na wengine walitaja faida za ziada. Nautaja kwa tahadhari. Waliojibu walikuwa wafumaji tayari, watu wanaoipenda kazi hiyo, na utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba sindano ndizo zilizoleta utulivu. Hata hivyo mimi na mama tunaujua utulivu huo kutoka kwenye benchi. Mkono unarudia mwendo uleule, kitanzi baada ya kitanzi, mstari ukiisha unageuza na kuanza upande wa pili. Akili inapata mahali pa kushika. Haizururi kwenda kwenye matokeo ya vipimo ambayo bado hayajatoka.

Najua kuna atakayesema haya ni mambo ya watu wasio na shida. Unga umepanda, nauli imepanda, vijana wana digrii na hawana kazi, na mimi nazungumzia uzi. Nalichukulia pingamizi hilo kwa uzito, maana sweta haijawahi kupunguza bei ya unga. Lakini nakumbuka Jumanne ya tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia bungeni. Mdogo wangu alikuwa mjini na simu yake haikupatikana tangu mchana. Mimi, mama na jirani tuliketi sebuleni, televisheni ikionyesha moshi na milio ikisikika. Hakuna aliyejifanya kutuliza mwenzake. Nilifuma. Mama alishika uzi. Jirani alipika chai mara tatu ambayo hakuna aliyeimaliza. Mdogo wangu aliingia usiku sana akiwa ametembea kwa miguu kutoka Pangani, macho mekundu kwa gesi. Wapo waliongoja usiku ule na hakuna aliyeingia mlangoni, na siwezi kuandika kuhusu faraja nikawasahau. Ninachosema ni kwamba watu walioketi pamoja usiku ule hawakuwa wanaikimbia nchi yao. Walikuwa wanavumilia pamoja yale ambayo hakuna anayeyaweza peke yake.

Ndiyo maana nakasirika nikiona jinsi neno la kujitunza linavyouzwa hapa mjini. Ukifungua simu, unaambiwa ujitunze kwa wikendi Naivasha, kwa kukandwa kwa mafuta ya bei ya kodi ya nyumba, kwa mishumaa ya manukato. Sina ubaya na Naivasha. Lakini mtu anayepata mshahara wa kawaida akiambiwa kwamba utulivu uko huko, atauona utulivu kama gari, kitu cha wenzake. Kumbe vitu vinavyonishikilia mimi vinapatikana karibu na havizidi nauli. Chai ya maziwa iliyochemshwa na tangawizi hadi ikabadili rangi. Mahindi ya kuchoma ya jioni, yaliyopakwa ndimu na pilipili, nikiyala nikitembea kutoka stejini. Mijakaranda ya Oktoba inapoangusha maua hadi lami inakuwa zambarau, na watu wazima wenye haraka zao wanapunguza mwendo bila kujua. Saa ya chakula cha mchana naenda bustani ya Jeevanjee, nikipata nafasi kwenye benchi nafuma mistari michache huku wahubiri wakishindana kwa sauti. Bustani ile ilitolewa kwa umma mwaka 1906 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, na hadi leo mtu asiye na shilingi mfukoni anaweza kukaa chini ya mti katikati ya jiji. Napenda sana kwamba kuna aliyefikiria hivyo.

Sasa tuna chama chetu kidogo, Jumapili alasiri, mara kwangu, mara kwa jirani. Nakiita chama ingawa hatuchangi kitu. Wageni wakija mara ya kwanza huuliza ni kiasi gani kwa mwezi na zamu inazungukaje, na wakisikia hakuna mchango, baadhi hawarudi. Wanaobaki huleta uzi, au kroshia, au nguo ya kutia vifungo. Kijana mmoja wa jengo letu, dereva wa bodaboda, alikuja kumsubiri mkewe akaishia kujifunza. Sasa anafuma kofia za kuvaa chini ya helmeti, na mkono wake umetulia kuliko wangu. Vitu tunavyomaliza vinakwenda kwa watu: mtoto mchanga, mfiwa, mzee wa ghorofa ya juu ambaye nyumba yake haipati jua. Sitaki tuanze kuviuza. Siku tukiweka bei, tutaanza kuhesabu nani amefuma ngapi, na yule mama anayefuma polepole kwa sababu ya macho yake ataona anaturudisha nyuma.

Na kuna la Julai ambalo lazima niliseme. Mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, nyumba zetu ni za mawe na hazina kipasha joto, na kila msimu wa baridi kuna familia zinazoingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, inaua watu wakiwa usingizini. Tafadhali, jiko libaki nje. Vaa sweta mbili, vaa soksi, lala na kofia. Mtu yeyote kwenye chama chetu atakufumia.

Kama unataka kuanza, anza na skafu. Nunua uzi mnene wa akriliki, ni wa bei nafuu na unafuliwa bila kunywea. Sufu halisi ina joto zaidi lakini maji moto huifanya inywee. Chukua sindano zenye unene wa milimita 5 au 6 na uanzishe vitanzi thelathini, usizidishe. Chagua rangi nyepesi, kwa maana uzi mweusi chini ya balbu ya usiku utakuumiza macho na hutaona kitanzi kilipo. Wa kukufunza yupo. Uliza shangazi zako, uliza kanisani, uliza mama anayeuza mboga kwenye kona. Wanawake wengi wa rika la mama yangu waliwahi kufuma sweta za shule na mikono yao haijasahau. Nenda na sukari na majani ya chai, na usiwe na haraka ya kuondoka.