Roboti za taka za kielektroniki: Mombasa tuanze na nini?

Zikitajwa taka za kielektroniki, wa kwanza kulaumiwa ni kijana wa mkokoteni anayenunua skrapu Kongowea na Changamwe, na dawa inayopendekezwa siku hizi ni roboti. Hoja hiyo ina uzito wake. Betri ya lithiamu ikitobolewa na bisibisi huweza kushika moto papo hapo, na runinga bapa nyingi za zamani zina mirija ya taa yenye zebaki. Hapo mashine iachiwe kazi.

Lakini tuitazame mashine yenyewe. Daisy, roboti iliyozinduliwa na Apple mwaka 2018, hufungua simu 200 kwa saa. Ni kasi ya ajabu, ila simu hizo ni iPhone tu, tena za matoleo inayoyajua. Sasa ipelekee gunia la skrapu la Mombasa: Tecno iliyopasuka kioo, redio, chaja, king'amuzi kilicholiwa na chumvi ya pwani. Haitajua pa kuanzia. Fundi anajua. Ataipindua runinga, atafungua skrubu za mgongoni, atatenga bodi kwa kuwa ndiyo yenye bei. Na akikuta ni kapasita tu iliyovimba, ataibadilisha na runinga irudi sebuleni. Urejelezaji gani unaushinda huo?

Zipo roboti zenye kamera zinazochambua taka mchanganyiko, lakini zinataka mzigo usiokatika. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Yaani zaidi ya robo tatu hazijulikani zilivyoishia! Pengo kubwa liko kwenye ukusanyaji, na hiyo ndiyo kazi ya yule kijana.

Wala kiwanda si kinga. Sumu ya madini ya risasi iliyowaumiza watu wa Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa, ilitoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, si kwenye mkokoteni. Wakazi wamehangaika mahakamani miaka mingi kudai fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Kuchoma waya ili kupata shaba sikutetei. Moshi ule una dioksini, kemikali yenye sumu kali, na anayeuvuta kwanza ni mchomaji mwenyewe. Ila kinachohitajika pale ni mashine ya kumenya waya, ambayo kikundi cha vijana kinaweza kuimiliki. Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawabebesha wazalishaji wajibu wa bidhaa zao hadi zinapokuwa taka. Fedha zao zianze na mashine hizo, glavu, na bei nzuri ya betri zinazoletwa nzima. Roboti zifuate mzigo ukishapatikana.