Masta ya imajeri ni vizuri, lakini tufikirie umeme yetu

Nimesoma habari yenu ya vijana wa Bukavu wenye wataenda Ulaya kufanya masta ya imajeri ya kitabibu (kupiga picha za ndani ya mwili), hongera kwao, ila niko na neno. Mi ni teknisie wa radio ya hospitali, zaidi ya miaka kumi sasa, radio (picha za eksirei) na ekografi (picha za ultrasaundi) njo kazi yangu. Ile IRM, masini yenye inapiga picha ya ndani ya mwili na sumaku, watakutana nayo kule mara mingi ni ya tesla 1.5 (tesla njo kipimo cha nguvu ya sumaku), sumaku yake inapozwa na heliamu, gazi yenye imegeuzwa kuwa kama maji, baridi ya digrii 269 chini ya sifuri!! Sasa umeme ikikatika hapa kwetu siku na siku, heliamu inageuka hewa inapotea, nani atalipa ingine? Juu ya ile wachague kwa akili mada ya tezi (thèse), ile kazi ya kuandika ya mwisho wa masomo. Kuko IRM ndogo za tesla 0.064, hazina heliamu, unachomeka tu ku prizi ya kawaida, picha inatoka na ukungu kidogo njo hesabu na programu zinaingia kuisafisha, pale kuko kazi ya masta mpaka doktora. Na wajifunze kutengeneza masini pia jamani, kwetu skaneri ilikufa juu ya tubu moja ya eksirei tukangoja miezi saba