Maji ya Bamvua Yakishapita

Hapa Sahare, Tanga, chombo hakipandi ufukweni siku anayotaka mwenyewe. Kinangoja maji ya bamvua, yale yanayojaa sana mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Maji yakirudi baharini ndipo fundi anakichoma nje kwa makuti kuua wadudu, anakitia kalafati ya kuziba nyufa na kukipaka deheni, mafuta ya kulinda mbao. Mjomba wangu aliwahi kuruka bamvua moja kwa kuwa samaki walikuwa wamechanganya. Bamvua lililofuata lilimkuta fundi ameshashika chombo cha mtu mwingine. Mjomba akavua miezi mitatu zaidi, huku vijana wawili kazi yao ni kufua maji yanayoingia chomboni tu.

Namkumbuka kila nikisoma habari za manowari za Marekani. Eisenhower, meli ya kubeba ndege, iliondoka Norfolk Oktoba 2023, ikaongezewa muda mara mbili huko Bahari ya Shamu, ikarudi Julai 2024. Miezi 9. Watu wanahesabu makombora ya Wahouthi, wapiganaji wa Yemen waliokuwa wakishambulia meli huko. Mimi nawaza pampu, mabomba na kutu.

Maana meli ikichelewa kurudi, haichelewi peke yake. Vipuri viliagizwa kwa kazi iliyokadiriwa zamani, na mafundi wakiifungua wanakuta imechakaa kuliko karatasi inavyosema. Kazi inarefuka, chelezo, mahali meli inapotolewa majini itengenezwe, hakiachii, na meli iliyokuwa zamu ya pili inakaa nje. Jeshi lile lote, pamoja na ukubwa wake, lina viwanja vinne tu vya serikali vya kutengeneza manowari zinazotumia nyuklia. Nyambizi Boise ilitakiwa iingie matengenezo makubwa 2016. Viwanja vilijaa, 2017 ikapoteza kibali cha kuzama, na mkataba wa kazi yenyewe ukatolewa 2024. Nyambizi isiyozama! Hata watoto wa hapa pwani wangecheka.

Wapo watakaoniambia vita havingoji chelezo. Kweli, na sina ugomvi na anayeiacha meli baharini inapolazimu. Ugomvi wangu ni na ile ahadi ya "tutafidia baadaye". Anayetia saini ya kuongeza miezi baharini atie saini hapohapo ya kuongeza siku za chelezo, na aitaje meli itakayosukumwa nyuma. Akishindwa kuitaja, basi deni amemwachia fundi.

Mjomba alipopandisha hatimaye, mbao tatu zilikuwa zimetobolewa na wadudu hadi unaona mwanga upande wa pili. Fundi akataja bei, na mjomba, mbishi yule, akatoa pesa kimya kimya.