Mark X ya jirani na kompyuta ya injini: Dodoma si Dar

Jirani yangu wa Area D, hapa Dodoma, ana Toyota Mark X ya lita 2.5, injini ya 4GR isiyo na tabo. Ameshafunga chujio la hewa la wazi na ekzosi pana. Sasa anataka kompyuta ya injini iprogramiwe upya, yaani fundi abadili namba zinazopanga mafuta na cheche, na kila jioni swali ni hilohilo: nifanye au niache?

Tuanze na hewa. Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo haina wa kuisukumia hewa, inavuta ile inayoikuta, na kwa makadirio inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Mark X ile ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 215. Huku inabaki na kama 191. Kuprogramu injini ya aina hii huongeza asilimia 5 hivi, ikizidi sana 10. Yaani ulipe, usubiri, ufurahi, na bado uko chini ya 215 ambazo gari lingekuwa nazo likiwa Kigamboni bila kuguswa.

Ila wanaotetea kuprogramu hawabahatishi. Ukienda taratibu, sensa ya oksijeni inanusa moshi na kompyuta inarekebisha mafuta yenyewe. Ukikanyaga mpaka chini, kwa kawaida inaacha kuisikiliza na kufuata jedwali la namba la kiwandani, lililoandikwa kwa ekzosi ya kiwandani. Na chujio jipya likija na bomba pana kuliko la awali, sensa ya hewa inahesabu pungufu. Hapo kuna kazi halali ya fundi. Lakini anayekwambia uprogramu kwa sababu tu gari limehamia Dodoma anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Wepesi wa hewa kompyuta inaupima kila sekunde.

Jihadhari pia na lile neno "limeamka". Pedali ya mafuta ya magari haya ni ya umeme. Fundi akibadili namba chache, ukigusa kidogo gari linaruka, na nguvu haijaongezeka hata chembe.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni lile jedwali. Upande mmoja lina mizunguko ya injini, upande wa pili wingi wa hewa iliyoingia, na kila kijisanduku kina namba ya mafuta na ya muda wa cheche. Kwa hewa ya huku, vijisanduku vya mwisho havifikiwi, hata ukanyage vipi barabara ya Iringa. Fundi anavijaza kwa kukisia. Halafu Ijumaa jirani anashuka na abiria wanne: Gairo, Morogoro, Chalinze. Hewa inakuwa nzito, joto linapanda, na injini inaingia mahali ambapo hakuna aliyepajaribu. Cheche ikitangulia mno, injini inagonga, yaani mafuta yanajilipukia yenyewe ndani ya silinda. Na hii ina mgandamizo wa 12 kwa 1, ilitengenezewa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo oktani yake, yaani kipimo cha kuhimili kugonga, haishuki chini ya 96. Sisi tunajaza iliyopo kituoni. Sensa ya kugonga itarudisha cheche nyuma, kama fundi hakuichezea.

Jumamosi tulichomeka mashine ya kupimia. Gari likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kompyuta ilikuwa inaongeza mafuta kwa asilimia 14. Tukipandisha mizunguko, namba inashuka. Hiyo ni dalili ya hewa inayoingia nyuma ya sensa ya hewa bila kuhesabiwa. Tulipapasa mpira wa hewa mpaka tukaukuta ufa wa urefu wa ukucha, chini ya klipu aliyoikaza mwenyewe siku ya kufunga chujio. Mpira mwingine wa mtumba, namba ikarudi 3. Ndani ya bomba tulikuta vumbi jekundu, maana chujio la wazi kwa upepo wa Dodoma nalo ni kesi nyingine.

Gari sasa linavuta vizuri, naye mwenyewe anakiri. Bado anataka kuprogramu. Simkatazi, ila nimempa sharti moja: fundi apande naye mpaka Chalinze, kompyuta mpakato mapajani, amalizie jedwali huko chini. Fundi amekubali, lakini anadai posho ya siku mbili na nauli ya kurudi.