Pikapu ya kukokota trela: injini kubwa au ndogo yenye turbo?

Wanunuzi wa pikapu za kukokota trela wamegawanyika kambi mbili. Wapo wanaoshikilia injini kubwa ya petroli isiyo na turbo, V8 (ya silinda nane) ya lita 5 au zaidi, wakisema haijikamui. Wapo wanaotaka ndogo yenye turbo, yaani kifaa kinachosukumia hewa zaidi ndani ya injini, kwa sababu inavuta kwa nguvu tangu mizunguko ya chini. Wote wana hoja, ila mlima haujali ukubwa wa injini; swali ni kama gari litaweza kujipoza.

Tupige hesabu. Pikapu na trela vyenye jumla ya tani 5, vikipanda mwinuko wa asilimia 6 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, vinahitaji takriban kilowati 65 za kuinua uzito tu, kabla ya upepo na msuguano wa matairi. Kazi hiyo ni ileile kwa injini yoyote. Injini ya petroli hugeuza takriban theluthi moja ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Sehemu kubwa ya iliyobaki huwa joto linalotoka kupitia ekzosi au kuingia kwenye maji ya rejeta. Punguza mwendo hadi kilomita 60 na zile kilowati 65 zinashuka hadi 49. Hakuna injini ya kununua inayokupa nafuu hiyo bure.

Turbo ina faida yake kubwa sehemu zilizo juu sana ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda juu. Lakini turbo yenyewe hupata joto kali, na kipozahewa chake (intercooler, kinachopoza hewa inayoingia kwenye injini) mara nyingi hukaa mbele ya rejeta, hivyo hewa inaifikia rejeta ikiwa tayari imepata joto. V8 nayo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili itoe nguvu ileile. Kelele hiyo huwatisha madereva, nao wanakosea: pampu ya maji inayoendeshwa na mkanda huzunguka haraka pamoja na injini, kwa hiyo gia ya chini mlimani mara nyingi hupoza vizuri kuliko gia ya juu inayoilemea injini.

Dizeli ina ufanisi mkubwa zaidi, hivyo hutoa joto pungufu kwa kila kilowati ya kazi. Kwa anayekokota mzigo mzito milimani mara kwa mara, mimi ningeichukua, licha ya bei na uzito wake. Kwa wengine, V8 na turbo zote zinatosha, mradi mfumo wa kupoza uwe umekusudiwa kazi hiyo.

Hapo ndipo wengi huteleza. Injini moja huweza kuuzwa ikiwa na rejeta na feni za kawaida, au na kifurushi cha kukokotea chenye rejeta kubwa na kipoza mafuta ya giaboksi. Konveta ya giaboksi otomatiki, inayopitisha nguvu ya injini kwa njia ya mafuta, isipofunga ili izunguke pamoja na injini huzalisha joto jingi, na katika magari mengi mafuta yake hupozwa ndani ya rejeta ya injini. Mshale wa joto unapanda, injini inalaumiwa, kumbe chanzo ni giaboksi.

Ndiyo maana ninathamini kiwango cha Marekani cha SAE J2807, cha kupima uwezo wa kukokota, kuliko idadi ya silinda. Hupima upandaji kwa kufuata mlima wa Davis Dam huko Arizona: takriban kilomita 18, joto la nyuzi 38, kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho. Muulize muuzaji kama uzito wa kukokota anaoutaja umepimwa kwa kiwango hicho, na kama ni kwa gari lenye kifurushi kilekile unachonunua.

Kwa pikapu iliyotumika, angalia pia mfuniko wa rejeta. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu kulanti (kimiminika cha kupoza injini) huchemka kwenye nyuzi 107 hivi ukiwa wazi, na karibu 129 chini ya mfuniko unaoshikilia shinikizo la psi 15. Mfuniko uliochoka hukunyang'anya tofauti hiyo, iwe chini ya boneti kuna V8, turbo au dizeli.