Mtoto sijamkana, ni kanga

Kwanza tuelewane: mtoto sijamkana. Mwenye ile sauti inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp tangu juzi, ile ya "jamaa kabandika tangazo wodi ya wazazi", namjua. Ana bajaji, anaegesha karibu na soko la Mgandini hapa Tanga, na ananidai elfu tano ya siku hiyohiyo. Hiyo elfu tano aisahau.

Nasimulia mwenyewe kwa sababu kila anayesimulia anatia chumvi yake, na leo asubuhi mjomba amenipigia kutoka Korogwe kunipa pole.

Mke wangu ni mtu wa mipango. Karatasi ya vitu vya kujifungulia aliiandika mimba ikiwa na miezi sita: mpira wa kutandika, pamba, glovu, kibana kitovu, beseni, ndoo yenye mfuniko, chupa ya chai, flana, kofia, soksi. Vyote alinunua yeye, kidogo kidogo, akavipanga kwenye begi. Mimi nilibakishiwa mstari mmoja wa mwisho: kanga vipande vinne, zifuliwe kabisa, ziwe laini. "Kanga hata wewe huwezi kukosea," akaniambia.

Nikaingia duka moja Ngamiani. Muuzaji akaniuliza, "Kaka, unataka ya jina gani?"

Nikamjibu, "Mtoto bado hajapata jina."

Nyie mnaocheka sasa hivi, subirini, hapa bado hatujafika. Muuzaji alinitazama kidogo, akaona huyu ni wa kuuziwa chochote. Mimi macho yalikuwa yameshatua kwenye doti moja nyekundu na nyeupe. Mimi nimezaliwa 1988, mwaka ambao timu yetu ya mpira, Coastal Union, walichukua ubingwa wa ligi, na marehemu baba alinilea nikijua kwamba hayo mambo mawili yanahusiana. Mtoto wangu wa kwanza, rangi za Wagosi wa Kaya, tangu siku ya kwanza! Nikachukua doti mbili zilezile, nikapunguziwa elfu mbili, nikatoka kifua mbele. Maandishi niliyaona. Niliona yapo. Kuyasoma ni jambo jingine.

Fundi wa kukata na kupiga pindo alizikunjua, akasita, akaniuliza, "Hizi za nani?"

"Za mtoto anayezaliwa."

"Mungu akusaidie, kaka."

"Amina," nikajibu, tena kwa moyo.

Kufua nilifua mwenyewe kwa sabuni ya mche, nikachanganya na flana za mtoto, nyekundu ikachuja, flana zote zikawa waridi. Nikadhani msiba wangu ndio huo. Nikakunja, nikatia kwenye begi, na sikuzikunjua tena.

Uchungu ulianza usiku, bajaji ikatupeleka, alfajiri mtoto wa kiume kilo 3.2, mama mzima. Ndani kule sijui walimvalisha nini. Masista walikuwa na shughuli zao, hakuna aliyekuwa na muda wa kusoma nguo.

Sasa saa kumi jioni, saa ya kuona wagonjwa.

Pale barazani kuna benchi refu. Wamekaa mama yangu, mama mkwe, shemeji yangu mdogo, na kina mama wengine kama kumi na mbili hivi na mahotipoti yao, wanasubiri watu wao. Mimi nimesimama na yule wa bajaji, ambaye hakuna aliyemwalika. Sista akatokea mlangoni na kifurushi chekundu.

"Baba wa mtoto ndiye nani?"

"Ndiye mimi," nikasema. Mniwekee hilo jibu, tutalihitaji.

Mama mkwe akampokea. Huyu mama ni mtu wa Pangani. Yeye kanga haangalii rangi. Ana sanduku zima nyumbani, na kila moja anakumbuka alimvalia nani na huyo mtu alifanya nini baada ya kuisoma. Akamweka mtoto sawa mkononi, akateremsha miwani. Kwenye kifua cha mwanangu, baina ya mikunjo miwili, zilikuwa zimejitokeza herufi nyeusi, kubwa, zilizonyooka kabisa: NDIYE.

"Ndiye," akasoma. Akatabasamu. "Ndiye kweli! Hebu tazameni pua hii."

"Ndiye!" akaitikia mama yangu. "Baba yake mtupu!"

Benchi zima likaitika, ndiye, ndiye huyo, hapotei. Bibi mmoja mwenye birika la uji, hata hatumjui, akapiga kigelegele. Mimi nimeshika mikono nyuma kama mheshimiwa aliyekuja kukata utepe. Nikamkonyeza wa bajaji kuwa umeona uchaguzi wangu wa kanga.

Ndipo mtoto akapiga mwayo.

Mwayo mdogo tu, wa mtu aliyechoka kuzaliwa. Baada ya mwayo akajinyoosha. Mkono wa kushoto ukapanda, ukasukuma mkunjo, na mkunjo ukaanza kuteleza taratibu. Ikatokea S. Nikadhani ni mwanzo wa ua. Ikatokea I. Mama mkwe akaacha kumpembea. Y. Kisha E, pamoja na kidole kimoja kidogo kimekaa juu yake kama kinaonyesha.

"Ndiye," akasoma tena mama mkwe, safari hii polepole. "Siye."

Akamgeuza mtoto upande wa pili kwa utulivu kabisa, kama anayekagua samaki kabla ya kuuliza bei, akasoma kilichokuwa mgongoni.

"Umdhaniaye."

Jamani. Huu ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab. Hapa Tanga mwanamke anaanza kufumbua mafumbo ya taarab kabla hajajua kuosha vyombo. Sikuhitaji kutafsiriwa mimi, sembuse wao. UMDHANIAYE NDIYE SIYE. Juu ya mtoto wa siku moja. Mikononi mwa bibi yake mzaa mama. Yule bibi wa uji alikuwa ameshavuta pumzi ya kigelegele cha pili; nilimwona anavyokimeza.

"Makubwa haya," akasema mtu kutoka mwisho wa benchi.

"Nani kanunua hii?" akauliza mama yangu.

Niliona kama nikisema ukweli itaisha. "Mimi, mama."

Haikuisha. Benchi likagawanyika palepale. Upande mmoja wanasema angekuwa amenunua mama mtoto, huko kungekuwa kukiri; baba akinunua, huko ni kumsuta mwenzake hadharani, tena mzazi mbichi. Upande wa pili wanasema hapana, huyu hajui kusoma, mtazameni. Wallahi niliutamani ule upande wa pili.

Shemeji yangu, Mungu ampe mume mwema, akajaribu kuniokoa. "Subirini, zipo nyingine kwenye begi!" Akachomoa moja, akaikung'uta mbele ya watu wote.

UMDHANIAYE NDIYE SIYE.

Akaichomoa nyingine haraka haraka.

Doti mbili zilezile. Vipande vinne. Mmeelewa hesabu? Nilipunguziwa elfu mbili.

Wa bajaji wakati huo alikuwa ameshachuchumaa chini, amejishika mbavu, simu mkononi. Kikabaki kipande cha nne, na mimi nikaanza kujiuliza kiko wapi. Mlango wa wodi ukafunguka. Akatoka mke wangu, hatua ndogo ndogo, uso umechoka na umependeza, akageuka kuurudishia mlango usije ukapiga kelele, na pale nyuma, penyewe hasa, kwa upana wake wote, nikakisoma kipande cha nne.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza.

Yaliyofuata ni mafupi. Mama mkwe alivua mtandio wake akamfunika mjukuu. Mke wangu alipooneshwa alicheka mpaka sista akaja kumgombeza kuwa ana nyuzi. Mimi nilitumwa dukani, nikaenda kwa miguu. Zile kanga tatu zimekuwa matambara, na ya nne nilimpa wa bajaji afutie kioo. Ameitundika nyuma ya bajaji kama bango, jina limeelekea barabarani, na anapita nayo Chumbageni mpaka Raskazone kila siku ya Mungu.

Dukani safari hii nilisoma. Nilisoma kila kanga kwa sauti, herufi kwa herufi, mpaka wateja wakaanza kunisaidia. "Hiyo usichukue, ya mke mwenza." "Hiyo ni ya kumsema jirani." Baada ya nusu saa nikapata isiyo na hatari yoyote duniani: HAKUNA KAMA MAMA. Nikaifua, nikaikausha, jana nikaileta nyumbani. Mama mkwe akaipokea, akaisoma mara mbili, akaikunja vizuri akaiweka mapajani. "Ahsante sana, baba," akaniambia, na macho yakamlengalenga.

Nikasikia mtu anakohoa mlangoni. Mama yangu, na kapu la mihogo mkononi, anaitazama ile kanga.

"Nzuri," akasema. "Mama yupi?"