Ukurasa Wetu Katika Daftari

Nilipokuwa mdogo Lamu, deni la nyumbani kwetu liliandikwa kwa penseli katika daftari la duka moja mtaani Langoni. Mama alipokwenda kulipa mwisho wa mwezi, jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kuligeuza daftari upande wake na kuupitia ukurasa wetu mstari kwa mstari, sukari, unga, mafuta ya taa, na penye kosa waliteta papo hapo mpaka mstari ukafutwa. Mwenye duka hakuona kuwa anatuhumiwa. Aliyelipa bila kutazama ndiye aliyehesabiwa mzembe.

Huku Columbus, Ohio, daftari langu liko mikononi mwa kampuni tatu ambazo sijazikopa hata senti: Equifax, Experian na TransUnion. Benki na wakopeshaji wengine huzipelekea habari za jinsi ninavyokopa na kulipa, na kutokana na habari hizo hupatikana alama, kwa kawaida kati ya 300 na 850, inayoamua riba ya mkopo wa gari na mara nyingi hata kama mwenye nyumba atakupangisha. Niliuona utaratibu huu kuwa dharau, kwamba mtu asiyemjua hata babako anaupima uaminifu wako kwa tarakimu, na hadi leo sijaupenda. Lakini hapa ninaweza kuligeuza daftari upande wangu, kwani ripoti za kampuni zote tatu hupatikana bure kila wiki katika tovuti ya AnnualCreditReport.com.

Mara ya kwanza nilipozifungua nilikuta anwani ya mji nisiowahi kukaa, pamoja na deni la simu nisiyowahi kuinunua. Anwani ilitokana na majina yetu. Mtu wa Lamu huitwa kwa jina lake, la baba na la babu, na majina hayo huzunguka katika ukoo kizazi baada ya kizazi hata mitaani tukatambuana kwa lakabu, ambazo kompyuta za Marekani hazizijui. Nilikuwa nimechanganywa na mtu mwingine. Deni la simu, hata hivyo, lilifunguliwa kwa nambari yangu ya hifadhi ya jamii (Social Security), ambayo huku humtambulisha mtu anapokopa, tarakimu zote tisa, na huo ulikuwa wizi. Niliripoti kwa serikali kupitia IdentityTheft.gov, nikalipinga deni kwa maandishi, jambo ambalo kampuni hizo hupaswa kulichunguza kwa kawaida ndani ya siku 30, kisha nikayafunga mafaili yote matatu. Faili likifungwa, mkopeshaji mpya hawezi kulisoma, kwa hivyo mwizi anayeomba mkopo kwa jina lako hukwama, nawe hulifungua kwa muda unapohitaji kukopa. Huduma hii imekuwa bure nchini kote tangu 2018, mwaka mmoja baada ya kompyuta za Equifax kuvamiwa na wadukuzi, na taarifa za watu wapatao milioni 147 kuibwa.

Nikiwasimulia watu wa nyumbani, hunijibu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Siyo. Benki za Kenya zilianza kupeana taarifa za wakopaji mwaka 2010, na siku hizi hata mkopo wa simu usiolipwa unaweza kukufikisha CRB, yaani kampuni zinazoweka kumbukumbu za wakopaji, ambako habari mbaya huweza kukaa miaka mitano. Ndugu yangu ni mvuvi. Alipoomba mkopo wa kununulia mashine ya boti alikataliwa kwa sababu ya mkopo wa simu wa laini ambayo hakuwahi kuimiliki, na anamshuku kijana wa kuuza laini ambaye yeye alimwachia kopi ya kitambulisho chake. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alilificha jambo hilo miezi mingi kwa aibu, kana kwamba kuulizia CRB ni kukiri kwamba una deni, ilhali kila mtu ana haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka.

Sitaki Lamu iige Marekani. Ninachokidai ni ile desturi ya mama, ambayo tumeiacha tangu daftari lilipoondoka kaunta. Tunaacha kopi za vitambulisho kila mezani, tunaandika nambari zetu katika vitabu vya wageni ambavyo anayefuata huvisoma, na majuzi nilitumiwa katika kundi la WhatsApp orodha ya wasafiri wa basi, yenye majina matatu matatu na nambari za vitambulisho, ingawa Sheria ya Kulinda Data ipo tangu 2019. Nilipomwomba aliyeituma aiondoe, aliniuliza kama ughaibuni kumenifanya nisiwaamini jamaa zangu.

Mteja wa Safaricom akibonyeza *106# huweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ndugu yangu alifanya hivyo Ijumaa iliyopita, tukiwa bado tunazungumza, akakuta laini mbili zaidi asizozijua.